Je, Wajua? Kliniki Ikikosea Mbegu, Nani Alipe?

Je, wajua kwamba mahakama iliwahi kukadiria thamani ya undugu wa damu kati ya mzazi na mwanawe? Ilikuwa Singapore. Mama Mchina na mumewe Mjerumani walikwenda kliniki kupandikizwa mimba, na mwaka 2010 wakapata binti. Rangi ya ngozi yake na nywele zake hazikufanana na za wazazi, wala za kaka yake aliyepatikana kwa njia hiyohiyo. Vipimo vya vinasaba vikatoa jibu: yai lilikuwa la mama, lakini mbegu zilikuwa za mwanamume mwingine kabisa, mwenye asili ya India. Uchunguzi ulibaini kuwa maabara ilikuwa ikishughulikia mbegu za wanaume wawili kwa wakati mmoja, na vibomba vya plastiki vilivyopaswa kutupwa baada ya kila hatua havikutupwa. Vibomba vya bei ya bure!

Mama alidai alipwe gharama za kumlea binti huyo. Tarehe 22 Machi 2017, Mahakama ya Rufaa ilikataa: kulea ndio uzazi wenyewe, hakuwezi kuhesabiwa kuwa hasara. Lakini majaji hawakutaka aondoke mikono mitupu. Wakatambua hasara ya aina mpya, ya kukatiwa uhusiano wa vinasaba uliotarajiwa ndani ya familia, na fidia yake wakaipanga iwe asilimia 30 ya gharama za kulea. Gharama zilezile zilizofukuzwa mlangoni zikarudi kupitia dirisha, safari hii kama kipimo.

Je, wajua kwamba Uingereza baba anaweza kubadilika kwa kosa la maabara? Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Mahakama Kuu ya huko, mwaka 2003, iliona vingine. Wazazi Wazungu waliotibiwa Leeds walijifungua mapacha machotara, kwa kuwa mbegu zilizotumika zilikuwa za mume wa familia nyingine iliyokuwa ikitibiwa hapohapo. Mume aliyewalea alikuwa ameridhia mbegu zake zitumike, si za mwingine. Basi yule mwenye mbegu akatangazwa baba kisheria, ingawa watoto walibaki pale walipozaliwa.

Kisa cha London ni kichungu zaidi. Wapenzi waligandisha viinitete, wakaachana mwaka 2010, kisha mwanamke akaghushi sahihi ya mwenzake kwenye fomu ya ridhaa. Kliniki ikayeyusha kiinitete, akazaliwa binti. Mwanamume alidai zaidi ya pauni milioni 1. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kliniki ilivunja mkataba, lakini haikumpa hata senti ya malezi. Msimamo huo una mizizi katika hukumu ya mwaka 1999, iliyotokana na baba aliyefungwa uzazi na bado akapata mtoto wa tano: gharama za kumlea mtoto mwenye afya hazidaiwi. Australia, mwaka 2003, majaji wanne dhidi ya watatu waliamua kinyume katika kesi ya mama aliyefungwa uzazi, na wabunge wa baadhi ya majimbo hawakukawia kutunga sheria za kuuziba mwanya huo.

Na je, wajua kuhusu mchangiaji wa Georgia, Marekani? Benki ya mbegu ilimtangaza kuwa msomi wa shahada ya uzamivu mwenye akili za ajabu na afya isiyo na doa. Kumbe historia yake ilikuwa na kifungo cha jela na kulazwa kwa maradhi ya akili. Wazazi walioshitaki waliambiwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, mwaka 2020, kwamba hawawezi kulipwa kwa sababu ya mtoto wao kuzaliwa. Wangeweza, hata hivyo, kudai tofauti ya bei kati ya mbegu walizoahidiwa na zile walizouziwa.