Taa za Detroit

Jimbo la Michigan, nililobahatika kulizuru kwa wiki sita wakati majani ya miti yake yalipokuwa yakipukutika, limepakana na maziwa manne katika yale matano makubwa ya Amerika ya Kaskazini, nalo limegawika rasi mbili zilizounganishwa kwa daraja la Mackinac, lililofunguliwa mwaka 1957. Makao yake makuu ni Lansing. Ahali yake, kwa hesabu ya mwaka 2020, ni watu 10,077,331. Hulimwa huko matofaa, cheri, mahindi na maharage, na baridi yake ni kali. Mengineyo ya ardhi na mazao msomaji na ayatafute katika vitabu vya jiografia, kwani mimi niliyekwenda na daftari jipya kwa nia ya kuyaandika yote kwa taratibu, nilirudi nalo limejaa habari za taa.

Detroit, mji mkubwa kuliko yote jimboni humo, uliasisiwa na Wafaransa mwaka 1701 kando ya mto wenye kuyaunganisha maziwa, na jina lake kwa lugha yao ni mlango wa maji. Mwaka 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola tano kwa siku katika kiwanda chake cha magari, na makabwela wa kila jinsi, weusi kutoka kusini na weupe kutoka ng'ambo, wakamiminika. Hata kufikia mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 1,849,568. Kisha viwanda vikahamia nje, barabara kuu zikakatwa katikati ya mitaa ya watu weusi, yakazuka machafuko ya Julai 1967 yaliyoua watu 43, na kila mwenye uwezo, hususan weupe, akavuka mpaka wa mji kwenda kuishi viungani. Hesabu ya 2020 ilikuta watu 639,111.

Kila niliyemtajia kuwa nakwenda Detroit alinipa wasia kama amuagaye mtu aendaye vitani. Nikazinakili takwimu, kama ipasavyo msafiri mwangalifu. Mwaka 1974 waliuawa mjini humo watu 714, na zama hizo ndipo mji ulipolakabiwa Mji wa Mauaji. Mwaka 2012 waliuawa 386, takriban nusu ya idadi ile; walakini kwa kuwa desturi ni kupima kwa kila watu 100,000, na watu wenyewe walikwisha kupungua nusu, kiwango kikabaki hamsini na ushei, palepale kilipokuwa. Maana yake ni kwamba kila familia iliyofunga virago na kuondoka kwa salama na amani iliuzidishia mji ubaya wa jina, bila ya kisu kutoka alani mwake. Ndiyo maana FBI, ambao ndio wakusanyao takwimu hizo, huwaonya watu wasizitumie kuipanga miji daraja. Lakini magazeti hupenda daraja, na onyo huachwa chini ya jedwali.

Hapo nikaziacha takwimu, kwani jioni ya siku ya tatu nilikutana na bi kizee mmoja, mjane, aliyeishi katika nyumba moja tangu kabla ya machafuko yale. Kulia kwake palikuwa na uwanja wa majani, na kushoto uwanja wa majani, mahali zilipokuwa nyumba za jirani zake. Akanihadithia kwamba mji ulipofilisika na kwenda mahakamani Julai 2013, taa za njiani zipatazo mbili katika kila tano zilikuwa hazitoi nuru, nyingine zikiwa zimekatwa nyaya na wezi wa shaba. Na kwamba yeye, tangu ilipokufa taa ya mlangoni pake, hakulala hata usiku mmoja bila ya kuwasha taa ya baraza yake. Nikamuuliza kama alikuwa akiogopa wezi. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wezi wananijua. Nikizima, mtaa utadhani na mimi nimehama."

Maneno hayo yaliniganda. Kila usiku uliofuata nilitembea nikihesabu taa, na wenyeji wangu wakadhani nimepatwa na jambo. Nilikwenda Highland Park, kimji kidogo kilichozungukwa karibu pande zote na Detroit, ambako mwaka 1913 Ford alianza kuunda magari kwa mkanda unaotembea. Na huko, mwaka 2011, kwa deni la umeme la takriban dola milioni 4, nguzo za taa zaidi ya elfu moja ziling'olewa mitaani, zikachukuliwa. Pahala palipoifundisha dunia kuunda gari pakashindwa kuimulikia gari njia! Nilisimuliwa pia habari za Usiku wa Ibilisi, mkesha wa tarehe 31 Oktoba, ambapo mwaka 1984, katika siku tatu, iliwashwa mioto zaidi ya 800. Hata raia walipochoka wakajitolea kwa maelfu kulinda mitaa, kila mtu akiombwa kuacha taa ya baraza yake inawaka. Baadaye ikaundwa mamlaka ya taa, ikatumia dola milioni 185, na mwisho wa mwaka 2016 taa mpya 65,000 zilikuwa zinawaka. Mwaka 2024 waliuawa watu 203, idadi iliyokuwa ndogo kuliko zote tangu 1965 hadi mwaka huo. Sisemi kuwa ni taa peke yake, kwa kuwa sababu ni nyingi. Nasema nilimwona bi kizee akiwa bado anawasha ya kwake, ilhali ya serikali inang'aa juu ya paa lake.

Dini: wamo Waislamu wengi, na katika kimji cha Hamtramck adhana husikika kwa vipaza sauti tangu mwaka 2004. Chakula: kizuri, kingi mno. Elimu: sikupata wasaa wa kuiangalia.

Niliporudi Unguja nilipita mbele ya Beit al-Ajaib, miongoni mwa majumba ya mwanzo kupata umeme katika Afrika Mashariki, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na moyo ukanisuta. Sisi huku mtaa huharibikiwa jina kwa kisa kimoja kilichosimuliwa barazani, wala hatuna hata jedwali la kututia makosani. Na taa ya njiani ikifa, husema ni ya serikali, tukapapasa ukuta kwenda msikitini Ramadhani hii na ijayo, ilhali kila nyumba ina taa ndani na swichi karibu na mlango.

Basi nimetundika taa barazani kwangu, nami huiwasha magharibi hata alfajiri. Usiku wa nne jirani yangu alisimama chini yake, akaitazama kwa makini, akaniuliza: "Maalim, umeme wako wewe umeununua bei gani, hata ukauteketeza njiani?" Nilianza kumweleza habari za Detroit, lakini yeye alikwisha kukaa kitako, amefungua gazeti lake, anasoma.