Miwani ya Mwanga na Wazee wa Kilifi

Miwani ya mwanga ni kifaa cha kutibu sonona kinachovaliwa usoni, chenye taa ndogondogo karibu na macho. Imetokana na taa ya mezani ambayo Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984 huko Marekani, walipowachunguza watu wanaoingiwa na huzuni nzito kila msimu wa baridi. Taa za namna hiyo za siku hizi hutoa mwanga wa luksi 10,000, na mgonjwa huketi mbele yake kwa nusu saa kila asubuhi. Mwenye miwani hafungwi na kiti. Aweza kunywa chai au kuchambua mchicha.

Katika retina, utando ulio ndani ya jicho kwa nyuma, kuna chembe ambazo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Ubongo ukipata habari hupunguza melatonini, homoni ya usiku, na saa ya mwili hukaa sawa. Kwa mzee habari hufika nusunusu, maana lenzi ya jicho hugeuka manjano, na mtoto wa jicho huzidi kuziba. Usiku akakesha, mchana akasinzia. Jaribio la Amsterdam lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kuwa wagonjwa wa sonona wa miaka 60 na zaidi walipata nafuu zaidi kwa mwanga mkali kuliko kwa mwanga hafifu mwekundu. Taa zile lakini zilikuwa za mezani. Ushahidi wa miwani bado ni mwembamba.

Kilifi, pwani ya Kenya, jua halina msimu wa kujificha. Nje, hata kukiwa na mawingu, mwanga hufika maelfu ya luksi. Ndani ya nyumba ya udongo yenye kijidirisha kimoja, kule Ganze au Magarini, mara nyingi haufiki 100, na humo ndimo mzee anamoshinda. Magoti yamemchosha, au anaogopa: katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamekimbilia makao ya Kaya Godoma. Utafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome huko Kilifi kuhusu watu wa miaka 50 na zaidi ulikuta upweke na kudharauliwa kwa uzee vikiandamana na sonona. Hayo hayatibiki kwa taa.

Lakini kiti chini ya mwembe saa moja asubuhi, na mtu wa kuzungumza naye, hakigharimu kitu. Jua lenyewe halikodolewi macho. Mwenye maradhi ya retina amwone kwanza daktari wa macho, na aliyewahi kupandwa na wazimu wa furaha asianze tiba ya taa bila daktari, kwani mwanga mkali waweza kuurudisha.