Mali Iliyomo Katika Jani la Chai

Bwana mkulima, watazame watu wa Kahawa Wendani wakipita sokoni asubuhi kuelekea barabara ya Thika. Asiyenunua kitu hupita upesi. Apendaye kusimama kwenye kila meza hutoka mwisho. Waliingia pamoja, lakini hutoka mmoja mmoja. Ndivyo wataalamu watenganishavyo flavonoidi, yaani vitu vilipavyo jani ukali na rangi.

Kwanza chai husagwa, kisha hulowekwa katika methanoli na maji ya moto wa digrii 70. Maji hayo huchujwa, na pampu huyasukuma ndani ya bomba jembamba la chuma lililojazwa unga laini sana. Kila kitu hushikamana na unga kwa kadiri yake, kwa hiyo hutoka kwa zamu, na taa maalum hukipima. Katika chai ya kawaida hutafutwa katekini. Katika chai ya zambarau TRFK 306, iliyotolewa Kericho mwaka 2011, hutafutwa anthosayanini pia.

Yakuhusu nini wewe uliye na chai huko juu Gatundu? Katekini ni nyingi katika chipukizi changa, chache katika jani lililokomaa. Tena jani likipondeka guniani, katekini huanza kugeuka kabla ya kufika kiwandani. Mashine hupima kile ulicholeta, si kile kilichokuwa shambani.

Basi chuma majani mawili na chipukizi, usishindilie kapu, liweke kivulini, nawe upeleke chai kituoni siku ile ile.