Rangi, Nasaba na Utu katika Riwaya za Zanzibar

Riwaya za Kiswahili zilizoandikwa na Wazanzibari kuanzia miaka ya 1970 zina nafasi ya pekee katika fasihi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa zimelitazama suala la rangi na ukandamizaji kutoka ndani ya nyumba, shamba na ukoo. Katika kazi nyingi za fasihi ya Afrika mkandamizaji ni mgeni aliyefika na bunduki na bendera, na mpaka kati yake na wenyeji huonekana waziwazi. Unguja na Pemba mpaka huo ulipita katikati ya familia, na waandishi wa visiwa hivyo walilazimika kujibu swali gumu zaidi: mtu ni nani pale ambapo anayemdhulumu ni baba yake, bwana aliyemlea, au mjomba wake wa damu?

Swali hilo lina mizizi katika historia ya karafuu. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, mashamba ya karafuu yalienea kwa nguvu za watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Uingereza ikaifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, na utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini ardhi na mikarafuu vilibaki mikononi mwa walewale. Sambamba na hayo kulikuwepo usuria, yaani utaratibu uliomruhusu bwana kuzaa na mjakazi wake, na mtoto wa suria akihesabiwa kuwa mtu huru na mwana halali wa baba yake. Kwa hiyo nasaba, ambayo ni mnyororo wa uzazi unaofuatwa kwa upande wa baba, ilimfanya mtoto mwenye ngozi nyeusi awe Mwarabu sawa na ndugu zake weupe. Hiyo ilikuwa kanuni. Macho ya jamaa na majirani yalihukumu vingine, na pengo kati ya kanuni na macho ndilo lililowapa waandishi wa Zanzibar mojawapo ya mada zao kuu.

Hakuna riwaya iliyolifunua pengo hilo kwa uchungu kuliko *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, tajiri mwenye mashamba na mwenye asili ya Kiarabu, lakini amezaliwa na ngozi nyeusi, na kwa sababu hiyo mapenzi ambayo mtoto hustahili kwa baba yake yanamkosa tangu utotoni. Nasaba yake haina dosari, na bado haimfai kitu. Mwandishi anamwonyesha akitoroka nyumba ya mateso, akipotea katika maisha ya mjini, na hatimaye akipata heshima yake kwa Sulubu, mkulima asiye na ukoo wa kujivunia, ambaye anamthamini kwa ubinadamu wake. Baba anapofariki, jamaa wanalitaka shamba ambalo Rehema na mumewe wamelitolea jasho, na hapo msomaji anatambua kwamba dharau ya rangi na tamaa ya mali vilikuwa vikitembea pamoja tangu mwanzo.

Suala hilo la shamba halikuwa ubunifu mtupu. Baada ya utumwa kuondolewa, wakulima wengi wasio na ardhi waliishi katika mashamba ya karafuu kwa ridhaa ya wenye nayo: waliruhusiwa kulima muhogo na mazao mengine ya msimu, lakini hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mwenye mti alikuwa na haki ambayo mwenye jembe hakuwa nayo. Wakulima hao waliweza kufukuzwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa za vyama ziliposhika moto, wengi walifukuzwa kweli.

Adam Shafi alilichukua suala hilohilo kutoka upande wa mtumishi. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya mwaka 1978 anasimulia habari za Kijakazi, mwanamke anayemtumikia bwana wa kasri kwa utii usioyumba, huku akivumilia matusi na mateso kana kwamba ndiyo majaaliwa yake. Uzito wa riwaya hii unatokana na jinsi inavyoonyesha kwamba ukandamizaji uliokomaa hauhitaji mjeledi kila siku, kwa kuwa umeshahamia katika fikra za anayekandamizwa, naye hujitambua kwa jina na nafasi aliyopewa na bwana wake. Kijakazi anachelewa kuelewa kwamba anadhulumiwa, na kuchelewa kwake ni mashtaka dhidi ya mfumo uliomnyima hata fursa ya kujifikiria.

Katika riwaya mbili nyingine, mwandishi huyohuyo anatafuta jawabu. *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979 na kujengwa juu ya mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948, inawaonyesha wachukuzi wakijenga umoja wao kutokana na kazi wanayoifanya pamoja. *Vuta n'kuvute* ya mwaka 1999 inakwenda mbali zaidi. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake, anaikimbia ndoa hiyo, na jamaa zake wanapomfungia mlango anapokelewa na Mwajuma, rafiki yake Mwafrika, huko Ng'ambo, eneo la makazi ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Huko anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi wa mkoloni. Yasmin hapotezi Uhindi wake. Anachokikataa ni ukoo wake kuwa na neno la mwisho juu ya maisha yake, na anachokipata ni ujamaa wa watu waliochaguana.

Msisitizo huo wa kuchaguana unaeleweka vizuri zaidi ukikumbukwa wakati ambamo visa hivyo vimewekwa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu watu kwa makundi ya Waarabu, Wahindi na Waafrika, ikayafungamanisha makundi hayo na nafasi za elimu, kazi na uwakilishi, na kwa sababu hiyo watu wengi waliacha kujiita Waswahili wakashika utambulisho wa Kishirazi, unaodai asili ya Uajemi. Vyama vya siasa vilipoanza kushindana katika uchaguzi wa mwaka 1957, makundi hayo yaligeuka kuwa kambi, na mwezi Juni 1961 damu ilimwagika mitaani.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwapa waandishi wa miaka ya 1970 mwisho wa visa vyao: yalionekana kama mapambazuko yanayofuta usiku wa umwinyi. Furaha hiyo ilikuwa na haki yake, kwa maana waliokuwa hawana ardhi waligawiwa, lakini iliacha upande mmoja bila kusemwa. Watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na wengine wakakimbilia Oman, nchi za Ghuba na Uingereza. Adam Shafi mwenyewe, katika *Haini* ya mwaka 2003, aliandika juu ya magereza ya baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameandika kwa Kiingereza juu ya waliong'olewa kwao, na riwaya yake ya *Paradise* inasomwa sasa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Kazi hizo hazikanushi dhuluma iliyoelezwa na zile zilizotangulia. Zinaongeza kwamba aliyenyanyaswa kwa rangi yake anaweza, akishika mamlaka, kumhukumu mwenzake kwa kipimo kilekile.

Kwa sababu hiyo vitabu hivi vinastahili kusomwa pamoja. Anayeisoma *Kasri ya Mwinyi Fuad* peke yake atajifunza kuichukia dhuluma, na anayesoma simulizi za wakimbizi peke yake atajifunza kuomboleza, lakini anayevisoma vyote atalazimika kuyabeba machungu ya pande zote mbili bila kulitumia moja kulifuta jingine. Huo ni mzigo mzito, nao ni wa lazima kwa jamii ambayo bado husikia watu wakiulizana asili zao kila siasa inapopamba moto. Riwaya za Zanzibar zimekwisha kutoa hoja yao kupitia Rehema, Kijakazi na Yasmin: asili ya mtu hueleza alikotoka, lakini haiwezi kuwa hati ya kumpa haki au kumnyang'anya.