Kinyago cha Babu si Kuni: Kutafuta na Kutengeneza Mapambo ya Zamani

Ukitaka kupamba sebule au bustani, tazama kwanza stoo, kisha waulize wazee wa familia. Kinyago cha mpingo kilichovunjika mkono, kigoda, chungu chenye nakshi: vyote vinaweza kurudishiwa hadhi yake. Lakini kabla ya kushika msasa tujiulize maswali mawili: kitu hiki ni nini, na kimetoka wapi?

Kitu hiki ni nini?

Ziko sanamu za mpingo, kama zile za ujamaa zenye watu waliobebana, na zile za mashetani. Hizo zilienea katika karne ya 20, nyingi zikichongwa kwa ajili ya kuuzwa. Viko pia vinyago vya kuvaa katika ngoma za jando na unyago. Hivi huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuvibeba. Vingine hupachikwa nywele za kweli, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta. Sanamu ya mpingo huvumilia kusuguliwa, kinyago cha ngoma hakivumilii. Ukikipiga msasa na vanishi, umefuta historia yake. Brashi laini na kavu inatosha.

Mpingo wa kweli ni mzito, hata huzama majini. Ukikwaruza kidogo chini ya kitako, weusi unaendelea ndani. Ukikuta mti mwekundu chini ya weusi, huenda umepakwa kiwi. Ila ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa usikutie shaka. Ni sehemu ya nje ya mpingo wenyewe.

Namna ya kutengeneza

Futa vumbi. Usioshe kwa maji wala usianike juani, kwa kuwa mpingo ukikauka upesi hupasuka. Mkono uliovunjika uunganishe kwa gundi ya mbao, ufunge kwa uzi, uuache mpaka kesho yake. Ufa mdogo ujaze nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mpingo, kisha ung'arishe kwa kitambaa.

Ukiona unga unadondoka kwenye vitundu, wadudu wamo. Funga kitu hicho vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ukiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe.

Bustanini usiweke mpingo. Mvua na jua vitauharibu. Huko kunafaa chungu kilichopasuka: kikaze kwa waya shingoni, toboa kitundu chini, panda ua.

Kimetoka wapi?

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akakusanya vitu vingi vya wenyeji vilivyopelekwa Leipzig, vikiwemo vinyago. Mwaka 1984 lipiko, yaani kinyago cha kuvaa kichwani, kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na makubaliano ya kukirudisha Tanzania yalitiwa saini mwaka 2010. Hivyo kitu kilichopendeza ukutani kwa watu wa mbali kilikuwa kimeibwa kwetu.

Basi, ukiuziwa kinyago cha kale kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji amekipata wapi. Akikwepa, kiache. Kama bado kinachezwa, ni mali ya watu wa ngoma hiyo, hata kama kimelala kwa mtu mmoja. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale, na kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Hali ni hiyo hiyo kwa msalaba au kiti cha zamani cha parokiani: kisiondolewe kabla paroko hajaulizwa.

Mwisho, chukua daftari. Andika nani alikichonga, wapi, na kwa kazi gani, wakati bibi na babu wangali wanakumbuka. Mkono uliovunjika unaweza kungoja hadi mwakani, lakini kumbukumbu za wazee hazitatungoja.