Ndugu wasiochaguana

Kibanda cha Rivotorto, nje kidogo ya mji wa Asizi nchini Italia, kilikuwa finyu mno kwa wanaume waliojibanza humo na Mtakatifu Fransisko mwaka 1209 hivi. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba aliandika majina ya wenzake kwenye boriti, ili kila mmoja ajue pa kusali na pa kulala asimsonge jirani. Usiku mmoja, wote wakiwa usingizini, mmoja wao akapiga kelele kwamba anakufa. Anakufa na nini? Na njaa. Alikuwa amefunga kupita uwezo wake. Fransisko hakumhubiria. Aliagiza meza iandaliwe usiku uleule, akaketi kula naye, akawataka na wengine wale, ili mwenye njaa asionekane mlafi peke yake.

Kibanda chenyewe hawakudumu nacho. Mkulima mmoja alifika na punda wake, akamsukumia ndani bila hodi, na ndugu wakaona heri wahame kuliko kugombania banda. Wakahamia Porsiunkula, kikanisa kidogo kilicho bondeni, ambacho leo kimezungukwa na basilika kubwa iliyojengwa juu yake.

Miaka zaidi ya 800 imepita, na wanaofuata njia hiyo bado wanaitwa ndugu. Jina hilo si pambo. Asiyeyajua maisha yao hudhani ugumu wake ni kuamka alfajiri, au kukosa mke na watoto. Ugumu huo upo. Lakini kazi ya kila siku hasa ni kukaa nyumba moja, meza moja na choo kimoja na watu ambao hukuwachagua.

Huku kwetu likitajwa neno mtawa, wengi humwaza sista. Mwanamume mwenye kanzu ya kahawia na kamba kiunoni akipita sokoni ataamkiwa "Shikamoo, Padre", naye ataitikia marahaba hata kama hana daraja la upadre na hatarajii kulipata. Huyo ni bruda. Katika shirika lake wamo mapadre na mabruda, na wote wameweka nadhiri zilezile tatu: ufukara, useja na utii. Fransisko mwenyewe hakuwa padre. Aliishia ushemasi.

Wala si mmonaki. Wabenediktini wa Peramiho au Ndanda wana abasia yao, na mmonaki hujifunga na nyumba moja mpaka azikwe hapo. Mashirika ya ombaomba ya karne ya 13, yaani Wafransisko, Wadominiko, Wakarmeli na Waagustino, yalitoka nje ya kuta yakaingia mijini, kwa watu. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, ni Mwagustino aliyeliongoza shirika lake duniani kote kuanzia 2001 hadi 2013. Pwani yetu iliwajua watawa wa aina hii mapema. Waagustino walikuwa na nyumba Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 16, mpaka uasi wa mwaka 1631 ulioongozwa na Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Waagustino haohao walikuwa wamemlea Goa, India. Hicho ni kisa cha siku nyingine.

Tuwatazame Wakapuchini, kwa kuwa ndio wanaofahamika zaidi Tanzania. Jina lao limetokana na kofia ndefu iliyochongoka iliyoshonewa kwenye kanzu, na kahawa ya kapuchino nayo imerithi jina hilo kwa sababu ya rangi ya vazi. Shirika hili lilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 1517 Papa Leo X alikuwa ameshawatenganisha Wafransisko katika makundi mawili baada ya mabishano marefu kuhusu ufukara na mali. Mwaka 1525 ndugu mmoja, Matteo da Bascio, akaona hata kundi lake limelegea, akaenda Roma kuomba ruhusa ya kuishi kama Fransisko alivyoishi, kanzu duni na miguu mitupu. Wakubwa wake hawakufurahi. Tauni ilipoingia mji wa Camerino mwaka 1527, Matteo na wenzake waliwahudumia wagonjwa wakati wengine wanakimbia, na mwaka uliofuata Papa Klementi VII akalitambua kundi lao. Ajabu ni kwamba Matteo mwenyewe baadaye aliliacha. Kwa watu wanaohubiri undugu, hiyo ni historia yenye kuaibisha kidogo, na ndugu wenyewe huitaja bila kificho.

Tanzania waliingia mwaka 1921, wakitoka Uswisi, kushika misheni zilizoachwa wazi na Wabenediktini wa Kijerumani waliofukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wao, Edgar Maranta, aliliongoza Kanisa la Dar es Salaam kuanzia 1930 hadi 1968. Kazi yao ilifika Mahenge na Ifakara, kwenye bonde la Kilombero. Leo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, ni Mkapuchini pia, safari hii mzaliwa wa Kilimanjaro.

Kijana haingii leo akaapa kesho. Kuna upostulanti, kipindi cha kujuana, kisha unovisi, kipindi cha majaribio, ambao kwa sheria ya Kanisa lazima utimize miezi 12. Baada yake huja nadhiri za muda, zisizopungua miaka mitatu, ndipo nadhiri za daima. Kamba ya kiunoni ina mafundo matatu, moja kwa kila nadhiri. Wengi huondoka njiani, na mlango wa kutokea haufungwi.

Kengele hulia kabla jua halijachomoza. Kikanisani benchi zimetazamana: upande huu unasoma mstari wa Zaburi, upande ule unaupokea. Haya ni Masifu ya Asubuhi, sehemu ya Sala ya Kanisa, ambayo huzipitia Zaburi zote kwa majuma manne isipokuwa tatu, ya 58, 83 na 109, zilizoachwa kwa ukali wa laana zake. Kusali hivi kunafundisha kusikilizana kuliko semina yoyote. Huyu hukokota maneno kama anapanda mlima, yule huyakimbiza kama anawahi basi, na hakuna njia ila kila mmoja aache mwendo wake. Fransisko aliwafikiria hata wasiojua kusoma: Kanuni yake, iliyothibitishwa na Papa Honorius III tarehe 29 Novemba 1223, iliwapangia Baba Yetu badala ya Zaburi, 24 usiku, 5 alfajiri, na kuendelea hivyo mpaka zinatimia 76 kwa siku.

Desturi ya Kikapuchini inaongeza tafakari ya kimya, kwa kawaida nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Hakuna wimbo wala kitabu. Ndugu wanakaa tu, na anayesinzia anasinzia mbele ya wote.

Baada ya Misa na chai kila mtu hushika lake: shule, parokia, hospitali, shamba, ng'ombe. Jioni wanakusanyika tena kwa Masifu, chakula cha usiku na maongezi. Ratiba hutofautiana nyumba kwa nyumba, lakini maongezi ya baada ya chakula yapo kila mahali na ni sehemu ya utawa kama sala. Humo ndimo siasa, habari za nyumbani na mpira hupita, na nyumba ikiwa na wa Simba na wa Yanga, undugu hupimwa pale pale mbele ya televisheni.

Kwenye fedha mambo huwa mazito zaidi. Kanuni ya 1223 iliwakataza ndugu kupokea sarafu, iwe kwa mikono yao au kupitia kwa mtu mwingine. Dunia ya leo haiendeshwi hivyo. Bruda anayefundisha sekondari analipwa mshahara kama mwalimu wa dawati la jirani, na simu yake inapokea miamala. Ila sheria ya Kanisa inasema anachokipata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika. Mshahara unaingia mfuko wa pamoja. Akitaka viatu, anaomba. Akitaka nauli ya kwenda msibani, anaomba, na huenda aliye na funguo za sanduku ni kijana mdogo kwake kwa miaka ishirini.

Kwa aliyezaliwa katika ukoo unaomtegemea mtoto aliyesoma kuwalipia wadogo zake ada, nadhiri hiyo inauma pabaya. Nyumbani wanajua anafanya kazi. Shangazi anapiga simu: paa linavuja, mtoto kafukuzwa ada. Kumweleza kwamba mshahara upo lakini si wake ni somo la teolojia ambalo shangazi hana haja nalo. Jumuiya nyingine huketi na kutafuta la kusaidia, nyingine haziwezi. Wanaowasifu watawa kwa kuacha mali mara nyingi husahau kwamba mali yenyewe ilikuwa na watu nyuma yake.

Kwa upande mwingine, Fransisko aliliweka jambo la mama katikati ya maisha yao. Kanuni yake inauliza ndugu anapaswa kumpenda mwenzake kiasi gani, ikiwa mama humpenda na kumlisha mwana aliyemzaa. Aliandika hata mwongozo mfupi kwa wanaokwenda upwekeni kusali: waende watatu, au wanne wakizidi, wawili wawe akina mama na wengine wawe watoto. Mama huwatunza watoto na kulinda kimya chao. Mtoto husali. Baada ya muda wanabadilishana. Wanaume hao wa karne ya 13 waliambiwa waziwazi kwamba kumtunza mwenzako na kulinda kimya chake ni wajibu wa kila mmoja kwa zamu.

Uongozi nao ni wa zamu. Fransisko hakutaka yeyote aitwe mkubwa. Alitaka wahudumu, na mpaka leo anayeliongoza shirika zima huitwa Mhudumu Mkuu. Msimamizi wa nyumba ni gwardiani, na muhula wake ni miaka mitatu. Ukiisha, anaweza kujikuta chini ya yule aliyekuwa akimkemea. Yanayokwaruza huletwa kwenye kapitulo ya nyumba, kikao cha ndugu wote: bajeti, gari limerudishwa bila mafuta, nani hakuosha sufuria. Waumini wetu wana Jumuiya Ndogo Ndogo zao, wanakutana mara moja kwa juma na tayari wanajua jinsi watu kumi wanavyoweza kushindwa kukubaliana juu ya mchango wa soda. Ndugu hawa hawana nyumba nyingine ya kurudi baada ya kikao.

Wapo waliotakatifuzwa na kazi ambazo hakuna aliyezitaka. Felisi wa Cantalice, Mkapuchini wa kwanza kutangazwa mtakatifu, mwaka 1712, alizunguka Roma na mfuko begani kwa miaka 40 hivi akiwaombea ndugu zake mkate. Konradi wa Parzham alikuwa bawabu wa nyumba yao huko Altötting, Ujerumani, miaka 41. Na yupo Solanus Casey wa Marekani. Seminari ilimshinda, maana masomo yalikuwa kwa Kijerumani na Kilatini. Alipewa upadre mwaka 1904, lakini bila ruhusa ya kuungamisha wala ya kuhubiri mafundisho ya imani. Padre wa namna hiyo umfanye nini? Wakamweka mlangoni. Detroit alifungua mlango huo kuanzia 1924 hadi 1945. Wenye njaa, wagonjwa na waliofukuzwa kazi wakazoea kumtafuta yeye, na mwaka 1929, uchumi ulipoanguka, yeye na wenzake walianzisha jiko la kulisha watu ambalo linafanya kazi hata sasa. Alitangazwa mwenye heri mwaka 2017.

Wanaoandika habari zake hawaachi kutaja fidla. Alipenda kuipiga, na aliipiga vibaya. Ndugu zake hawakufurahia, naye mara nyingine aliichukua akaenda kupiga kanisani peke yake, mbele ya Sakramenti. Anaweza kuwa mwenye heri, na bado anayelala chumba cha jirani akawa na haki ya kutamani akae kimya.

Usiku ndugu hurudi kikanisani kwa sala ya kumalizia siku. Huanza kwa kuchunguza dhamiri, kila mtu akiipitia siku yake, pamoja na neno alilolitupa mchana jikoni. Kisha ni wimbo wa mzee Simeoni na antifona ya Bikira Maria, na taa zinazimwa. Aliyekosana na mwenzake leo atakaa naye benchi moja kesho alfajiri, na Zaburi itawataka wapokezane.

Kila miaka mitatu kanda hufanya kapitulo yake, na baada ya hapo barua za uhamisho hutoka. Aliyepanda migomba nyuma ya nyumba anaiacha kabla haijazaa. Mwalimu anaaga darasa. Mizigo si mingi: kanzu mbili, vitabu, simu, labda redio. Wenzake wanamsindikiza stendi, na waliokuwa hawapatani naye ndio mara nyingine hubeba begi. Nyumba anayokwenda ina watu asiowajua, na pale jikoni kuna ubao wa zamu. Jina la aliyeondoka limeshafutwa, lake limeandikwa kwa chaki juu ya vumbi lilelile. Jumatatu vyombo ni vyake.