Baada ya Dira, Bomba ni la Nani?

Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda iliyo pembeni mwa mji, eneo la mpunga na mifugo ambako nyumba hazijabanana. Bomba kuu likipita barabarani, maji yana safari ndefu kabla ya kufika koki ya uani: hukatiza njia ya ng'ombe, huambaa ukingo wa shamba la jirani, hupita chini ya mfereji wa mvua, ndipo yaingie kiwanjani. Safari yote hiyo yamo ndani ya laini nyembamba ya plastiki ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku inapopasuka. Siku hiyo ubishi huanza. Mwenye nyumba hudai bomba ni la mamlaka kwa kuwa maji ni ya mamlaka; fundi wa mamlaka hutazama kwanza pasuko liko upande gani wa dira, ndipo aamue kufungua begi lake au kuondoka. Hoja yangu ni kwamba ubishi huo umechelewa. Wajibu wa mwenye nyumba juu ya bomba lake ulianza siku mtaro ulipochimbwa, na anayesubiri mpaka siku ya pasuko huwa amekwisha kulipia uzembe kwa miezi mingi bila kujua.

Mpaka wenyewe si mgumu kuuelewa. Mamlaka zetu za maji huendeshwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 na hudhibitiwa na EWURA. Kwa utaratibu wao wa kawaida, mamlaka hutunza bomba kuu, laini inayokuja kwako na dira yenyewe, ile ambayo wengi tunaiita mita. Kuanzia upande wa pili wa dira, bomba, valvu, koki, tanki na choo ni mali ya mwenye nyumba, na matengenezo yake ni juu yake. Dira ikiwa uani kwako bado si yako: huruhusiwi kuifungua, kuihamisha, kukata lakiri yake wala kuikwepa kwa bomba la pembeni, na sheria inahesabu kuharibu miundombinu na kujiunganishia maji kuwa makosa. Lakini unatakiwa uilinde, usiifukie kwa kifusi wala kuijengea ukuta, na utoe taarifa mara moja ikivuja au ikisimama. Iwe huduma inatolewa na MUWASA ya Mpanda au na chombo cha jamii chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, mantiki ni hiyohiyo.

Sasa tufike ardhini, maana huko ndiko kesi inakoamuliwa. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopendwa na mpunga, hupasuka kiangazi na kuvimba mvua zikianza. Bomba lililolazwa juujuu huvutwa huku na kule na mabadiliko hayo mpaka viungo vyake vilegee. Plau ya ng'ombe huchimba sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo laini iliyofukiwa sentimita 20 shambani imewekwa palepale jembe linapopita. Mtaro wa sentimita 60 unaiondoa kwenye hatari hiyo, na tandiko la udongo laini lisilo na mawe linaizuia isitobolewe na uzito wa juu. Bomba la PVC likiachwa juani hukauka na kuwa jepesi kuvunjika. Kiungo kilichofungwa kwa mpira wa tyubu kitashika siku chache tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kusimamiwa na ofisi iliyoko mjini kwa kila kiwanja. Anayechagua fundi, bomba na kina cha mtaro ndani ya kiwanja ni mwenye nyumba peke yake, na ndiyo sababu ni haki matokeo yawe yake.

Matokeo hayo ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Pasuko dogo linalotoa lita moja kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72. Kwa mwezi wa siku 30 zinatimia zaidi ya uniti 43. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, humaliza uniti saba na ushei kwa mwezi mzima. Pasuko ambalo halijatoa hata dimbwi juu ya ardhi linaweza basi kunywa maji mara sita ya familia nzima. Kulibaini hakuhitaji fundi. Usiku ambao maji yanatoka, hakikisha tanki limejaa, funga koki zote, andika tarakimu za dira pamoja na zile nyekundu, kisha soma tena alfajiri kabla mtu hajachota. Tarakimu zikiwa zimesogea, maji yanatoroka upande wako. Ukiwa umeweka valvu mara tu baada ya dira, utaweza kuyazuia usiku huohuo ukisubiri fundi.

Wapo watakaosema maji ni haki, na mwananchi wa pembezoni asibebeshwe habari za mabomba. Haki naikubali bila sharti. Kwamba serikali ibebe kila kitu ni njia ambayo Tanzania ilikwisha kuijaribu kwa moyo wote. Mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, bila malipo. Mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya watu wa vijijini walikuwa wamefikiwa, na miradi mingi iliyojengwa ilikuwa imesimama kwa kukosa mafuta, vipuri na mtu wa kuiona kuwa ni yake. Sera ya Maji ya 1991, na baada yake ile ya 2002, ziligeuza mwelekeo: mtumiaji achangie, atunze, amiliki. Kilichovunjika katika miaka ile ya nia njema kilikuwa hasa matengenezo, jambo ambalo haliwezi kufanywa kutoka mbali.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile linalogeuza kidole. Zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini hupotea kabla ya kulipiwa, ilhali kiwango kinachokubalika na EWURA ni asilimia 20. Kwa nini basi mwenye nyumba aandamwe kwa koki inayodondosha, na bomba kuu linabubujika barabarani wiki nzima? Hasira hiyo ni ya haki, na kila uvujaji wa barabarani unastahili kutolewa taarifa na kufuatiliwa mpaka uzibwe. Lakini maji yanayopotea kabla ya dira tunayalipia wote kupitia bei, wakati yanayopotea baada ya dira unayalipia wewe mmoja. Uzembe wa mamlaka haupunguzi hata senti moja kwenye bili ya bomba lako.

Na hizo bili? Malalamiko ya kubambikiziwa yamesikika nchi nzima kiasi kwamba Wizara ya Maji imezitaka mamlaka zisome dira kwa kumshirikisha mteja. Dai la mtaani kwamba dira husoma hewa lina ukweli: maji yakikatika na kurudi, hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele na inaweza kuzungusha dira ya kawaida. Ni kweli pia kwamba dira ya aina hiyo ikizeeka, mara nyingi husoma pungufu kuliko kuzidisha, kwa hiyo uchakavu wake kwa kawaida haumwumizi mteja. Dawa ya mashaka yote mawili ni kumbukumbu. Mwenye nyumba anayeandika usomaji wake kila mwezi huenda ofisini akiwa na ushahidi, huomba dira ipimwe, na asiporidhika hupeleka shauri EWURA au kwenye baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizi, EWURA CCC. Anayekwenda na manung'uniko matupu hurudi nayo.

Nyumba za kupanga zina fundo lake. Mpangaji ndiye anayeona maji yakichuruzika, mwenye nyumba ndiye mwenye bomba, na kila mmoja husubiri mwenzake huku bili ikipanda. Mji wa Newark, jimbo la New Jersey huko Marekani, ulikutana na fundo hilohilo kwa sura ya hatari zaidi. Laini za zamani za kuingiza maji majumbani zilikuwa za risasi, metali yenye sumu inayodhuru akili za watoto, na wakazi wengi walikuwa wapangaji wasioweza kuidhinisha kazi kwenye nyumba isiyo yao. Mwaka 2019 mji ulipitisha kanuni iliyoruhusu laini kubadilishwa bila kumsubiri mwenye nyumba, bila kumtoza, na takriban laini 23,000 zilibadilishwa katika muda usiofika miaka mitatu. Kwetu tatizo si risasi, na manispaa zetu hazina fedha za namna hiyo. Tunachoweza kufanya ni kuandika kwenye mkataba wa pango nani hutengeneza bomba, ndani ya siku ngapi, na nani hulipa maji yaliyovuja baada ya mpangaji kutoa taarifa. Kwa maoni yangu, kuanzia saa taarifa hiyo inapotolewa, maji yanayovuja ni ya mwenye nyumba.

Linabaki suala la wapi dira ikae, na hapa mamlaka nazo zina deni. Mteja wa pembezoni mara nyingi hulipia bomba na uchimbaji kutoka mbali. Dira ikiwekwa kando ya bomba kuu, mamia ya mita za laini huwa juu yake peke yake, kupitia ardhi isiyo yake, ambako hawezi kumzuia mtu kulima wala kupitisha ng'ombe. Kila jirani akivuta laini yake sambamba, njia hujaa vibomba vyembamba, na maji yanapokatika, kila ufa hugeuka mlango wa kuvutia uchafu ndani. Haki ni dira iwe mpakani mwa kiwanja, na majirani walio mbali wavutiwe bomba moja nene linalotunzwa na mamlaka. Wakazi wa Mwamkulu wanapaswa kulidai hilo kwenye mikutano ya mitaa, kwa maandishi, kabla maunganisho hayajaenea. Na wewe unayesubiri kuunganishwa, usimruhusu fundi afukie mtaro kabla hujapima kina chake na kuona viungo vyote vikiwa vikavu, maji yakiwa yamefunguliwa.